Ushabiki wa Wahusika wa Kubuni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza wana mhusika wao na wangependa kusikia kwamba hawako peke yao. Wa pili wanaishi nyumba moja na hao wa kwanza, na wamechoka kusikia kila siku habari za mtu ambaye hakuzaliwa. Majibu yamelengwa kwa wa kwanza. Wa pili wanakaribishwa kusikiliza.

Mhusika hayupo. Sasa ninampenda nani hasa?

Unampenda mtu unayemjua kuliko unavyowajua wengi walio hai. Jirani yako wa miaka yote hujui anawaza nini akishafunga mlango. Mhusika wa riwaya umekaa ndani ya kichwa chake. Umemwona akidanganya ukajua kwamba anadanganya, na kwa nini. Umesikia lile alilotaka kusema akalimeza. Katika maisha ya kawaida ujuzi wa namna hiyo hatupewi, hata na wale tunaolala nao chumba kimoja. Filamu na tamthilia hazikuingizi kichwani kwa njia hiyo, ila zinakupa uso, na uso huo unaweza kuukazia macho utakavyo bila mwenyewe kugeuka na kukuuliza una shida gani.

Halafu hakudai kitu. Hakukopi, hanuni usipomtafuta, hachukii ukimwacha miezi sita ukarudi usiku wa manane. Nadhani raha ya ushabiki imeanzia hapo: kumjua mtu mno bila kuwa na deni lake.

Kwa nini ninalia ilhali najua wazi kwamba ni hadithi tu?

Swali hili limewatoa jasho wanafalsafa. Mwaka 1975 Colin Radford aliuliza inakuwaje tuguswe na yaliyompata Anna Karenina wa riwaya ya Tolstoy wakati tunajua mwanamke huyo hakuwahi kuishi. Hitimisho lake lilikuwa kwamba huzuni yetu ni ya kweli, lakini haina mantiki. Mwaka 1978 Kendall Walton akaja na jibu jingine: tunashiriki mchezo wa kujifanya, sawa na mtoto anayemkimbia baba yake aliyejigeuza dubwana sebuleni. Mtoto anapiga kelele kwelikweli, lakini haendi kuita majirani. Na kabla yao wote, mwaka 1817, mshairi Mwingereza Samuel Taylor Coleridge alikwishasema kwamba msomaji huiweka shaka yake kando kwa hiari yake mwenyewe.

Mimi namkubali Walton nusu. Mchezo ni mchezo, sawa, lakini hebu angalia ni wapi hasa machozi yanapotoka. Mara nyingi si pale mhusika anapokufa. Ni pale mtu anapomtendea wema baada ya kurasa mia tatu za kuonewa. Mtu anamfunika shuka, au anamwita kwa jina lake, basi, umekwisha. Hatulii kwa sababu tumesahau kuwa ni hadithi. Wema uliochelewa tunaujua, tumewahi kuungoja sisi wenyewe, na hapo umekuja kwa mtu mwingine mbele ya macho yetu.

Haya si mambo ya vijana wa siku hizi na simu zao?

Mwanzoni mwa karne ya 11, katika jimbo moja la mbali nchini Japani, kulikuwa na msichana aliyezaliwa mwaka 1008. Jina lake halikuhifadhiwa. Vitabu humtaja kama binti wa Sugawara no Takasue. Dada yake na mama yake wa kambo walikuwa wakimsimulia vipande vya hadithi ya Genji, riwaya ndefu ya Kijapani ya wakati huo, lakini kwa kuwa walisimulia kwa kukumbuka tu, kila mara walikwama palepale anapotaka kujua zaidi. Msichana akatengenezewa sanamu ya Buddha yenye kimo cha mtu, akawa anaisujudia kwa siri akiomba jambo moja: wahamie mji mkuu, kwenye hadithi nyingi, naye azisome zote.

Walihama. Baadaye shangazi yake akampa Genji nzima, vitabu zaidi ya hamsini. Akajifungia nyuma ya pazia, mchana kutwa akisoma, usiku akivuta taa karibu, na ameandika kwamba hata cheo cha malkia hakikuwa kitu mbele ya raha ile. Alijiambia kwamba akikua nywele zake zitakuwa ndefu, naye atafanana na Yugao au Ukifune, wanawake wawili wa ndani ya hadithi hiyo. Hayo yote yamo katika kumbukumbu alizoziandika uzeeni. Ukimsoma utamtambua mara moja, maana unamjua mtu kama huyo, au ndiye wewe.

Karne nyingi baadaye, mwaka 1774, Goethe alitoa riwaya ya kijana Werther, na vijana wa Ulaya wakaanza kuvaa koti la buluu na kizibao cha njano kama yeye. Mji wa Leipzig uliipiga marufuku riwaya hiyo pamoja na mavazi yake. Simu hazikuwapo.

Mtunzi amemuua mhusika wangu. Nifanye nini?

Kwanza, pole. Sisemi kwa mzaha.

Pili, ujue umeingia katika ukoo mkubwa wa wafiwa. Desemba 1893 mwandishi Arthur Conan Doyle alimtumbukiza mpelelezi wake Sherlock Holmes katika maporomoko ya maji ya Reichenbach, Uswisi, kwa sababu alikuwa amemchoka na alitaka kuandika mambo aliyoyaona ya maana zaidi. Wasomaji hawakumwelewa. Inasimuliwa kwamba watu zaidi ya 20,000 waliacha kulinunua jarida la The Strand lililokuwa likizichapa hadithi hizo. Conan Doyle mwenyewe ameandika kwamba bibi mmoja alimpelekea barua iliyoanza kwa kumwita katili. Alishikilia msimamo kwa miaka. Mwaka 1901 akaanza kutoa hadithi ndefu ya Holmes ambayo matukio yake ni ya kabla ya kifo, na mwaka 1903 akasalimu amri: Holmes akarudi, na ikabidi tuelezwe kwamba hakuwahi kuanguka.

Usijenge matumaini juu ya mfano huo. Wengi hawarudi. Mwaka 1970, mwanamasumbwi Rikiishi Toru alipokufa katika katuni ya Kijapani ya Ashita no Joe, mashabiki walimfanyia mazishi hasa, katika jengo la wachapishaji wake, Tokyo. Waliohudhuria walikuwa yapata 700, na shughuli yenyewe iliandaliwa na mshairi na mwandishi wa tamthilia Terayama Shuji. Miaka mitano baadaye, tarehe 6 Agosti 1975, gazeti la New York Times lilichapa tanzia ya Hercule Poirot, mpelelezi wa riwaya za Agatha Christie, ukurasa wa mbele, kama linavyofanya kwa wakuu wa nchi.

Kwa hiyo omboleza. Rudi kwenye sura uliyoipenda, ambayo haijafa na haiwezi kufa. Waandikie wenzako. Kuna mashabiki ambao huamua tu kwamba kifo kile hakikutokea, wakaendelea na maisha. Hilo nalo linaruhusiwa, kwa kuwa hakuna mahakama ya kuwahukumu. Lisiloruhusiwa ni kumtukana mtunzi au kumtisha. Conan Doyle aliitwa katili kwa barua moja akaikumbuka hadi anaandika maisha yake. Mtunzi wa leo anaweza kuamka akute elfu.

Nampenda adui kuliko stelingi. Nina kasoro?

Huna. Kwa kawaida adui ndiye anayeiendesha hadithi. Stelingi anangoja jambo litokee ndipo ainuke. Adui ndiye aliyeamka alfajiri akiwa na mpango. Watunzi nao huwapa maadui sentensi nzuri, kwa sababu mtu mwema akizungumza sana huanza kuhubiri.

Tena kumpenda adui si kutaka afanikiwe. Unaweza kufurahia akili yake, kiburi chake, hata maumivu yaliyomfikisha pale, na bado ukashangilia akishindwa. Ninachokishuku ni kitu kingine: shabiki anayempenda adui kisha akaanza kumtetea, mara hakuua, mara walimchokoza, mara waliouawa walistahili. Hapo umemnyang'anya utamu wake wote. Mwache awe mbaya. Alitungwa awe mbaya, na anaufanya ubaya huo vizuri.

Ni sawa kumpenda kimahaba?

Ni kawaida kabisa, na kwa wengi ndiyo mara ya kwanza ya kupenda bila hofu ya kukataliwa. Hakuna wa kuumia. Mwenzi wako wa kweli akilalamika, msikilize. Huenda halalamikii mhusika, analalamikia zile saa unazompa huyo mhusika.

Mhusika ni mali ya mtunzi au ni wetu?

Kisheria, katika nchi nyingi, kazi ni ya mtunzi au ya kampuni aliyoiuzia, mpaka muda wa hakimiliki uishe. Ukitaka kuchapa fulana zenye sura ya mhusika uziuze, kaulize kwanza. Hilo halina mjadala.

Nje ya mambo ya fedha, hali ni tofauti, na imekuwa tofauti tangu zamani. Chukua Abunuwasi. Alianza kama mshairi halisi wa Baghdad, akafika kwetu akiwa mjanja wa hadithi, na tangu hapo kila msimulizi amemtuma afanye alitakalo msimulizi huyo. Nani mwenye Abunuwasi? Yule anayesimulia sasa hivi.

Au chukua Don Quixote. Miguel de Cervantes alitoa kitabu cha kwanza mwaka 1605. Mwaka 1614, kabla hajamaliza cha pili, mtu aliyejiita Avellaneda akatoa mwendelezo wake mwenyewe. Cervantes alikasirika, na namna alivyolipiza kisasi ni tamu kuliko kesi yoyote. Katika kitabu cha pili, mwaka 1615, wahusika wenyewe wanakutana na kile kitabu cha bandia na kukibeza. Don Quixote, aliyekuwa njiani kwenda Zaragoza, anasikia kwamba katika kitabu cha bandia alikwenda Zaragoza, basi anageuza njia aende Barcelona ili yule mwongo aumbuke. Mwishoni Cervantes anamuua, asije mwingine akamchukua tena.

Siku hizi uadui umepungua. Hadithi za mashabiki, yaani zile wanazoziandika wapenzi wa mhusika bila malipo kwa ajili ya wapenzi wengine, ziko kwa mamilioni. Archive of Our Own, maktaba ya mtandaoni ya hadithi hizo iliyofunguliwa mwaka 2009 na kuendeshwa na watu wanaojitolea, ilipewa tuzo ya Hugo mwaka 2019, tuzo ileile wanayopewa waandishi wakubwa wa hadithi za kisayansi.

Na kuna njia ya tatu, inayonivutia zaidi: shabiki anampenda mhusika wa mwenzake mpaka anazaa wa kwake. Mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyetufikia kitabuni mwaka 1960, anawaza akiwa na kiko mdomoni na ana rafiki yake Najum wa kumshangaa, kama Holmes na Watson wake. Lakini mweke Bwana Msa barazani umsikilize akizungumza, hutamchanganya na Mwingereza yeyote.

Nimeandika hadithi, na ndani yake kuna msichana mrembo, hodari wa kila kitu, anayependwa na mhusika wangu. Wenzangu wanacheka. Kwa nini?

Kwa sababu wamekutambua. Mwaka 1973 Paula Smith, shabiki wa tamthilia ya Star Trek, aliandika hadithi fupi sana ya kejeli kuhusu luteni Mary Sue: ana umri wa miaka kumi na tano na nusu, ni kijana kuliko maofisa wote, anajua kila kitu, anaokoa merikebu nzima ya anga na kufa akililiwa na wote. Alikuwa amechoka kuwasoma akina Mary Sue katika majarida ya mashabiki. Jina likabaki.

Ushauri wangu: endelea. Kila anayeandika huanza kwa kujitia mwenyewe ndani ya hadithi, na wengi wanaosifiwa hawajaacha, wamejifunza tu kujificha. Kama unataka wengine nao wamfurahie msichana wako, mpe jambo moja asiloliweza na mtu mmoja asiyempenda, tena mwenye sababu nzuri. Hadithi itasimama yenyewe.

Lazima nijue kila kitu ndipo niitwe shabiki?

Hapana. Nasema hivi nikiwa na hasira kidogo, kwa sababu kila kundi la mashabiki lina askari wake wa getini. Unasema unampenda fulani. Anakuuliza jina la farasi wake katika sehemu ya nne. Ukikosa, anatabasamu.

Askari huyu hajui kwamba mtu anayeanza leo ana kitu ambacho yeye amekipoteza na hawezi kukinunua: bado hajui kitakachotokea. Mashabiki wenye busara huwapenda wageni kwa sababu hiyo. Hukaa pembeni yao wakiwatazama wakifika kwenye ile sura, huku wakijizuia wasiseme neno. Ukimpata mtu wa kukutazama hivyo, umepata.

Basi ni kosa kumsimulia mtu mwisho?

Ndiyo, kama hakuomba. Kuna wanaoupenda mwisho uwafikie mapema ili wasome kwa utulivu, na hao watakuambia. Kwa wengine wote, uliza kwanza. Kazi kuwa ya zamani si kibali. Kwa anayeianza leo, ni mpya.

Wamemtengenezea filamu, na si yeye kabisa. Nimekasirika.

Hasira hiyo ina haki yake, lakini ichunguze. Ukiondoa mambo madogo ya kimo na nywele (samahani, najua si madogo), uliza kama wamemwacha na ule moyo wake. Mhusika anaweza kubadilishiwa karne, mavazi, nchi, lugha, na bado akaingia mlangoni ukamjua. Holmes ameigizwa na watu wasiofanana hata kidogo, na kila kizazi kina wake kinayemwapia. Kinyume chake pia hutokea: mwigizaji anafanana na picha ya jalada kama pacha, kauli zote ni zilezile za kitabuni, lakini ndani hakuna mtu.

Ukishaona kwamba wamemkosa kweli, una kitabu. Filamu mbaya haijawahi kufuta ukurasa hata mmoja.

Vipi kuhusu mwigizaji? Nikimpenda mhusika, si nampenda na yeye?

Hapa ndipo mashabiki wengi huteleza. Mwigizaji amemwazima mhusika sauti na mwili kwa mkataba, kisha akarudi nyumbani. Leonard Nimoy, aliyemwigiza Spock katika Star Trek kuanzia mwaka 1966, alitoa kitabu mwaka 1975 akakiita I Am Not Spock, yaani mimi si Spock. Mashabiki walikipokea vibaya, wengine wakidhani amemkana Spock wao. Mwaka 1995 akatoa kingine, safari hii akikubali: I Am Spock. Miaka ishirini ya kuvutana na mtu asiyekuwapo!

Ukikutana na mwigizaji, msalimie kwa jina lake mwenyewe. Kama anaigiza adui, usimtukane kwa aliyoyatenda adui. Wako wanaofanyiwa hivyo madukani. Mwigizaji ana mambo yake, ana kuchoka kwake, na anaweza kuwa na maoni yatakayokukera. Mhusika atabaki salama. Hilo ndilo linalofanya ushabiki wa wahusika uwe mwepesi kuliko ushabiki wa watu mashuhuri: mtu wako hatakamatwa kesho kwa kashfa.

Nataka kuvaa kama mhusika wangu. Nianzie wapi?

Anza na kitu kimoja kinachomtambulisha hata gizani: kofia, fimbo, namna ya kufunga kilemba, kovu. Watu hutambua umbo la mwili kabla ya kitambaa, kwa hiyo picha ya kivuli chake inakufaa kuliko picha yenye rangi zote. Kagua ulichonacho kabatini kabla ya kununua. Jaribu vazi kwa siku nzima nyumbani, ukikaa, ukipanda ngazi na ukienda msalani, maana vazi la ajabu mara nyingi hushindwa hapo pa mwisho.

Na usisubiri ufanane naye. Katika mkutano wa dunia wa mashabiki wa hadithi za kisayansi uliofanyika New York mwaka 1939, Myrtle Douglas na Forrest Ackerman walifika wakiwa wamevaa mavazi ya wakati ujao ambayo Myrtle alikuwa ameyashona mwenyewe. Wengine walikuja na nguo zao za kawaida. Mwaka uliofuata wengi walikuja wamevaa.

Mwili wako ni mwembamba kuliko wake, mnene kuliko wake, mweusi au mweupe kuliko wake, una jinsia nyingine: yote hayo hayamhusu mtu. Adabu iliyopo ni moja, nayo inawahusu watazamaji: usimguse aliyevaa, na usimpige picha kabla hajakubali.

Nitajuaje kwamba nimezidisha?

Mwaka 1956 wanasosholojia Donald Horton na Richard Wohl waliandika kuhusu uhusiano wa upande mmoja ambao watazamaji hujenga na watu wa redioni na kwenye televisheni. Waliuona kuwa jambo la kawaida kwa watu wengi, na kitu cha kuhofia pale tu unapochukua nafasi ya maisha mengine yote. Sioni haja ya kuongeza mengi. Saa ngapi kwa siku si kipimo. Wapo wanaozitumia saa hizohizo kwa mpira na hakuna anayewaita wagonjwa. Angalia badala yake kama unalala, kama unakula, kama kodi ya nyumba imelipwa, kama kuna mtu aliye hai anayejua unaendeleaje. Kama mhusika amekuwa mahali pa kujificha na huwezi tena kutoka, zungumza na mtu unayemwamini, au mshauri nasaha. Huna haja ya kumwacha mhusika ndipo usaidiwe.

Nimwelezeje mtu asiyeelewa?

Usianze na hadithi nzima. Hiyo ndiyo sababu wanakimbia. Mpe tukio moja, dakika mbili, halafu nyamaza. Akiuliza "ikawaje?" umeshinda. Asipouliza, mzungumzie mambo yake. Naye ana kitu anachokipenda kupita kiasi, na ukimsikiliza vizuri atakuja siku moja kukuuliza habari za yule mtu wako.

Naweza kuwa na wahusika kadhaa kwa wakati mmoja?

Wote unaowaweza. Hawajuani.

Nimeamka nikakuta simpendi tena. Nimekuwa msaliti?

Hapana. Alikufaa kwa wakati wake. Usivitupe vitu vyake haraka, hasa ulivyoviandika wewe, viweke. Mapenzi ya namna hii yana tabia ya kurudi baada ya miaka mingi, yakiwa yametulia na yenye macho makali zaidi, na utashangaa kuona kwamba sasa unamwelewa mama yake.

Nimesoma vyote, nimetazama vyote, na mtunzi amekwisha kufa. Basi?

Basi ndiyo kwanza kazi inaanza. Conan Doyle alifariki mwaka 1930 akiwa ameacha riwaya 4 na hadithi fupi 56 za Holmes. Hazitaongezeka. Lakini mashabiki wake hawajawahi kukosa la kufanya, kwa sababu Conan Doyle aliandika haraka na hakukagua alichokwisha kusema. Katika kitabu cha kwanza, cha mwaka 1887, Dakta Watson amepigwa risasi begani vitani Afghanistan. Katika cha pili, cha mwaka 1890, jeraha liko mguuni. Mtu mwingine angesema mtunzi amejichanganya, yakaisha. Mashabiki walikataa. Kwao Watson ni mtu, na mtu ana mwili mmoja, kwa hiyo jeraha lazima lielezwe: risasi mbili? Risasi moja iliyompata akiwa ameinama? Watson anaficha kitu?

Kasisi Ronald Knox aliuanzisha mchezo huu rasmi mwaka 1911 kwa makala iliyozichambua hadithi za Holmes kwa uzito ambao wasomi walikuwa wakiuweka kwenye Biblia. Wengine wakafuata. Kuna mahali mke wa Watson anamwita mumewe James, wakati sote tunajua anaitwa John H. Watson. Mwandishi Dorothy L. Sayers akatoa maelezo: ile H ni Hamish, ambalo ni James kwa Kiskoti, naye mkewe alipenda kumwita hivyo faraghani. Hakuna popote Conan Doyle aliposema hivyo. Lakini soma tena hadithi ukiwa na hilo kichwani, na ile ndoa, ambayo mtunzi hakuijali sana, inapata joto.

Fanya hivyo na wa kwako. Tafuta mahali mtunzi alipopitiwa: tarehe zisizolingana, ndugu aliyetajwa mara moja akapotea, barua ambayo haikujibiwa, chumba ambacho hatukuingizwa. Andika swali moja juu ya karatasi, kisha rudi mwanzo wa kitabu ukilitafutia jibu humo ndani, bila kutoka nje ya alichokiandika. Ukikwama, mpelekee shabiki mwenzako swali hilo, na ujiandae kwa mabishano hadi usiku.